Digrii ya Picha

Mwende wangu,

Umeenda mtaa wa Satellite kusukwa nywele, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wako, hutarudi kabla jua halijatua. Baba yako yuko uani anaongeza kamba kwenye sanduku ambalo tayari lina kufuli. Nimemwambia limetosha. Amenijibu kwamba mimi siijui barabara ya Lodwar unakokwenda. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Kitale.

Basi nimepata nafasi ya kukaa mezani nikuandikie. Sitakuambia habari za kuchemsha maji ya kunywa. Kumfundisha mhandisi wa maji kuchemsha maji ni kumkosea adabu. Wala sitakukumbusha kwenda kanisani, kwa sababu utaenda au hutaenda, na barua yangu haitakushika mkono Jumapili asubuhi. Nataka tuongee kuhusu digrii yangu ya pili. Tuliishi nayo nyumba moja miaka ile yote kama mgeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza anarudi kwao lini.

Aliyenikumbusha leo ni baba yako mkubwa, Kioko. Amepiga simu mchana akasema familia imekaa, ikaona kazi hiyo ya visima haimfai msichana. Akataja joto, akataja bunduki, akataja watu tusiowajua. Nikamuuliza ni familia gani iliyokaa, maana mimi ni wa familia hiyo na sijakaa. Akasema, "Mama Mwende, hii shida ilianza na wewe. Mtoto aliona mama yake akifuata digrii ya picha bila kusikiza mtu. Sasa unaona."

Nilimshukuru, Mwende. Nilimwambia asante kutoka moyoni na wala sikuwa nikimkejeli. Tangu nianze masomo yale, ndiyo mara ya kwanza mtu wa upande huo kukiri kwamba yalizaa kitu.

Digrii ya kwanza sikuichagua. Nilipomaliza shule kule Makueni nilitaka kusoma historia. Mjomba wako Mutua, ambaye ndiye aliyekuwa na kazi Nairobi, alisema historia ni mambo ya watu waliokwisha kufa, nisome biashara. Nikasema ndiyo. Nikaajiriwa serikalini, nikawekwa masjala kutunza mafaili, nikasema ndiyo. Walipompandisha cheo kijana niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu, wakaniomba niandae chai ya kumpongeza. Nikasema ndiyo, na nikaongeza maandazi. Watu waliniita mpole. Mwanangu, ukisikia ofisi nzima inakusifu kwa upole, kaa chini ujiulize ni vitu gani umekwisha kuwaachia.

Siku moja mvua ilinikuta katikati ya jiji saa ya mapumziko. Nikakimbilia ndani ya jumba la maonyesho ambalo nilikuwa nimelipita mlangoni miaka na miaka bila kuingia. Nilitaka tu pa kujikinga. Nikiwa natembea huku viatu vinalia maji, nikakiona ndani ya sanduku la kioo kiti cha miguu mitatu, kile cha wazee wa kwetu, kimepambwa kwa nyuzi za waya mviringo mzima wa kikalio. Babu yangu alikuwa na kiti cha aina hiyo. Alichongewa na Nzioka, jirani yetu, mtu mfupi mwenye ugomvi mwingi. Kando ya kile cha kwenye kioo kulikuwa na kadi ndogo. Ilisema ni kiti cha mzee, Ukambani, na chini yake: msanii hajulikani.

Sisemi kilikuwa kazi ya Nzioka. Nasema kwamba kila kiti kule kwetu kilitoka mikononi mwa mtu, na mtu huyo alikuwa na jina, na alikuwa na mke aliyemgombeza kwa sababu ya vumbi la mbao. Nikamwendea mlinzi nikamuuliza, "Hajulikani na nani?"

Akanitazama kwa huruma. "Mathe, mimi kazi yangu ni kuangalia watu wasiguse."

Nilirudi ofisini nimelowa, nina hasira ambayo sikuizoea. Nikaanza kuuliza huku na huku ni watu gani wanaoandika zile kadi, na walisomea nini hata wakapewa ruhusa ya kuamua nani anajulikana. Ndivyo nilivyosikia kwamba kuna somo linaitwa historia ya sanaa, na kwamba hapa mjini linafundishwa jioni.

Siku niliyowaambia nyumbani, unaikumbuka. Shangazi yako Kalekye alikuwa amekuja na ndizi. Aliuliza, "Digrii ya picha? Umri huu?" kisha akacheka mpaka akaziweka ndizi chini. Baba yako hakucheka. Alikaa siku kadhaa bila kuligusa jambo hilo, halafu tukiwa tunakula akauliza hiyo historia ya sanaa itatusaidia nini. Nikamwambia sijui. Nikamwambia pia kwamba tangu tuoane sijawahi kumuuliza mpira wa Jumamosi unatusaidia nini. Akatafuna pole pole, akafikiria, akasema, "Hiyo ni kweli." Hajaniuliza tena. Watu wakisema baba yako ni mgumu, mimi hukumbuka jioni hiyo. Mtu anayeweza kusema "hiyo ni kweli" katikati ya chakula anafaa kuishi naye.

Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wahadhiri wawili. Vijana waliniita mathe, mama yao, na kuniachia kiti cha mbele. Mwanzoni nilifikiri ni heshima, baadaye nikagundua kiti cha mbele ndicho hakuna anayekitaka. Nilipata alama mbaya katika insha ya kwanza, kwa kuwa niliandika kama mtu wa masjala: picha ina mti, picha ina mwanamke, picha ina ng'ombe wawili. Mhadhiri aliandika pembeni, "Umeorodhesha. Sasa tazama." Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda maktaba. Sijui kama nilikwambia hilo.

Kuna jingine sikukwambia. Tulipelekwa Lavington, mtaa wa matajiri, kuona michoro katika nyumba ya mtu binafsi, nyuma ya ukuta mrefu wenye maua. Wanafunzi wenzangu walipita langoni wote. Mimi askari akanizuia, akanionyesha mlango mdogo wa pembeni, akasema wa kazi wanaingilia huko. Hakusema kwa ubaya. Alinitazama, akaona mwanamke wa makamo mwenye sweta na mfuko, akafanya hesabu yake. Brayo, yule kijana mrefu aliyekuwa akija kwetu kula chapati, akaanza kumfokea. Nikamwambia anyamaze, kwa sababu sikutaka kuokolewa. Nikamwambia yule askari aandike kwenye kitabu chake: Ruth Mumbua, mwanafunzi. Akaandika. Nikasimama pale mpaka akamaliza neno mwanafunzi, herufi kwa herufi, kisha nikaingia kwa lango kubwa. Shangazi yangu alifua nguo mtaa huohuo nilipokuwa mdogo, na ule mlango wa pembeni haukuwa na aibu yoyote kwake. Aibu ingekuwa yangu kama ningeupita kwa sababu tu nimeelekezwa.

Sasa nije kwako. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhandisi, chuo kilekile. Ulikuja jikoni ukasimama karibu na friji, ukasema, "Mama, tukipatana chuo, tafadhali usiniite." Nikasema sawa. Tukawa tunapishana kwenye ngazi za maktaba, wewe na marafiki zako, mimi na mfuko wangu, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutazama kando ili usipate tabu.

Sikulaumu. Ulikuwa na miaka ishirini, na msichana wa umri huo anaona haya hata kwa kivuli chake. Ninachotaka ujue ni kosa lilikuwa wapi kwa upande wangu. Nilikuwa nimemkatalia Kalekye, nimemkatalia Kioko, nimemkatalia mjomba wako Mutua aliyepiga simu kutoka Machakos kuniuliza kama niko mzima. Kwako wewe nikarudia ile ndiyo yangu ya zamani, nikaiita upendo. Ningekwambia, "Mwende, nitakuita, na utaitika." Ungekasirika wiki moja. Badala yake nilikufundisha kwamba mtu anaweza kumwomba mamake ajifiche na akakubaliwa. Huko uendako watakuja watu unaowapenda, na watakuomba ujipunguze kidogo ili wao wakae vizuri. Wataomba kwa upole kama wewe ulivyoomba. Wakatalie kwa upole uleule, lakini wakatalie.

Mwaka wa mwisho tulitakiwa kuchagua kazi moja ya sanaa iliyo karibu na tunapoishi na kuiandikia. Nikachagua ukuta wa kanisa letu hapa Waithaka, ule wa nyuma ya madhabahu. Wewe umekua ukiutazama wakati mahubiri yanarefuka: harusi ya Kana, na mbele kabisa, wakubwa kuliko bwana harusi, wale wanawake wanaochota maji kwa mitungi ya plastiki ya manjano. Mmoja ametoa mguu kwenye kiatu kwa uchovu. Yesu yuko kule nyuma, mdogo, anasubiri wamalize kujaza.

Hakuna aliyejua ni nani aliyeuchora. Kamati ilisema ni mtu wa zamani. Niliuliza wazee wa kanisa, nikauliza mafundi, nikapelekwa huku na kule hadi nikafika kwa mama mmoja anayeshona sare za shule hapo Satellite, Mama Nekesa. Alikuwa amekuja Nairobi kutoka Bungoma akiwa msichana, akachora mabango ya maduka, na mchungaji wa wakati ule akampa ukuta. Baadaye alipata watoto, akashika cherehani, hakuchora tena. Nilipomwambia nimekuja kuuliza kuhusu ukuta, alidhani umeanguka na anatafutwa alipe.

Nikamuuliza kwa nini aliwaweka wale wanawake mbele. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Nilikuwa nimechoka kuona watu wa Biblia ambao hawajawahi kubeba maji."

Nilikuwa sijamaliza kuandika tasnifu yangu kamati ya ujenzi ilipotangaza kwamba ukuta ule utafunikwa kwa vigae vyeupe. Rangi ilikuwa inabambuka, lipu imevimba kwa unyevu. Mkutano ukaitwa baada ya ibada, nami nikasimama kuupinga.

Ulikuwepo, umekaa nyuma. Uliona nilivyojiaibisha. Nilizungumza kama mtu aliyepewa kipaza sauti mara ya kwanza maishani. Nilitaja mitindo, nikataja nchi ambazo nusu ya waliokuwepo hawajawahi kuzisikia, nikawaambia hawajui walicho nacho. Niliona nyuso zikifungwa moja baada ya nyingine na sikunyamaza. Mama Wambua, mwenyekiti wa chama cha akina mama, alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Mama Mwende, wewe ukiwa kwa masomo, sisi tulikuwa tunafagia hii kanisa. Hiyo rangi inatuangukia kwa nywele." Watu wakacheka, na walikuwa na haki. Mikono ikainuliwa, vigae vikapita.

Nilijifunza siku hiyo kwamba unaweza kuwa na ukweli mtupu mkononi na ukaupoteza kwa jinsi ulivyoushika. Nilikuwa nimewafanyia wale wanawake yaleyale yaliyonikasirisha kwenye kadi ile ya kiti. Niliwatazama nikaona watu wasiojua, basi. Usinielewe vibaya; ukaidi sikuujutia. Nilichojutia ni kuuelekeza kwa watu waliobeba mafagio.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, wewe na mimi. Kwenye kona ya duka la dawa ukaniuliza, "Maji yanatoka wapi?" Sikukuelewa. Ukasema unyevu hauzaliwi ukutani, lazima kuna maji yanayoingia. Kesho yake ukaazima ngazi kwa jirani, ukapanda juu ya paa la kanisa na suruali ya baba yako, na ukakuta mfereji wa mvua umeziba majani na kiota cha ndege, na maji yote ya upande ule yanateremkia ndani ya ukuta. Tulikuwa tumegombana kuhusu rangi kanisa zima, mimi na tasnifu yangu nikiwa mbele, na hakuna aliyekuwa ameinua macho juu. Ulizibua. Ulishuka na uchafu kichwani, ukaniita "Mama!" kwa sauti mbele ya vijana wote wa kwaya, nikushikie ngazi. Hukuomba msamaha na mimi sikuudai.

Jumapili iliyofuata sikuomba kuhutubu. Nilimwomba mchungaji ruhusa ya kitu kimoja tu, watu wakae kidogo baada ya ibada, na Mama Nekesa aje. Alikuja amevaa nguo ya harusini. Alisimama mbele ya ukuta wake, akaugusa, akasema rangi ile ya buluu ilimpa shida sana. Halafu akaanza kuwataja wale wanawake mmoja mmoja, maana aliwachora kutoka kwa watu aliowaona. Huyu alikuwa akiuza mkaa. Huyu alihamia Kisumu. Huyu aliyetoa mguu kwenye kiatu aliitwa Kanini, akipika githeri karibu na soko, na miguu ilimsumbua.

Mama Wambua alikuwa amesimama na ufunguo wa kanisa mkononi, tayari kufunga. Kanini alikuwa mama yake mzazi. Mama Wambua alikuwa amefagia mbele ya ukuta ule maisha yake yote ya utu uzima bila kujua. Alisogea karibu, akatazama kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Mama hakuwa mnene hivi."

Mama Nekesa akajibu, "Alikuwa. Wewe ulikuwa mtoto."

Wakacheka, hao wawili, mpaka wakashikana.

Ukuta haukuokoka wote, unajua. Upande wa kulia lipu ilikuwa imekwisha kuoza, na vigae tayari vilikuwa vimenunuliwa. Mafundi walikuja, wakafunika bwana harusi, wakafunika meza, wakafunika na Yesu, jambo ambalo mchungaji alilionea wasiwasi. Lakini Mama Wambua aliweka kiti chake mbele ya wale wanawake na akasema hakuna mwiko wa fundi utakaofika hapo. Wamebaki. Pembeni yao Mama Nekesa ameandika jina lake kwa brashi, herufi kubwa kuliko nilivyotarajia. Kamati bado inalalamika kwamba sehemu ile inaharibu mandhari. Ni kweli, inaharibu. Nami kila Jumapili hukaa mahali ninapoiona vizuri.

Nilipohitimu, Kalekye aliniuliza sasa nitafanya nini na hiyo digrii. Nilimwambia nimekwisha kufanya. Hakuelewa, na sikuona sababu ya kumsubiri aelewe. Hilo ndilo jambo la pekee ningependa uondoke nalo, na usilichukue kama amri, lichukue kama mzigo unaopokezwa njiani na mtu aliyekwisha kuubeba kipande chake. Wale wanaouliza "itasaidia nini" mara nyingi hawaulizi ili wajibiwe. Wanauliza ili uketi. Ukijibu vizuri wataleta swali lingine. Mimi nilipoteza ujana wangu nikiandaa majibu.

Kazi yako mpya huenda ikawa ngumu kuliko unavyofikiri. Huenda ukachimba ukakosa maji, na wenyeji wakakuangalia kama nilivyoangaliwa mimi kwenye mkutano ule. Huenda ukagundua baada ya mwaka mmoja kwamba si hiyo uliyoitaka, ukataka kuanza upya na kitu ambacho hata jina lake litawachekesha watu. Anza. Mimi sitauliza kitasaidia nini. Baba yako anaweza kuuliza mara moja, wakati wa kula. Mjibu vyovyote vile.

Na kama utashindwa na kurudi, utarudi nyumbani kwenu, utakula, utalala, na mtu yeyote atakayekuja na ndizi kukucheka atanikuta mlangoni.

Nasikia lango. Ni wewe au ni jirani. Baba yako amemaliza zile kamba, sasa simu yake inalia, na kwa jinsi alivyosimama wima najua ni Kioko tena. Anamwambia, "Kaka, mtoto ameshafunga mzigo." Anasikiliza. Sasa anamwambia, "Hapana, si Mama Mwende. Mimi ndiye nimesema."

Nenda, Mwende. Usingoje wakubaliane. Sisi tutabaki hapa tukigombana nao kwa niaba yako.

Mimi niliyekuzaa, na sijachoka,
Mama